Makundi ya kusomea mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa elimu ya masafa, viongozi wa makundi yao na wakufunzi wanaowasimamia. Mifano mingi ni ya WhatsApp, kwa sababu huko ndiko wanafunzi wetu waliko hata pale chuo kinapokuwa na mfumo wake. Jibu linapogusa jambo linaloelezwa kwenye swali jingine, tumetaja namba ya swali hilo.

## Ya msingi

1. Kundi la WhatsApp la darasa na jumuiya ya kujifunza, si kitu kimoja?

Hapana. Kundi ni orodha ya namba za simu. Jumuiya huanza pale wenye namba hizo wanapotegemeana. Kipimo chake ni chepesi: mtu akikaa kimya siku kumi, kuna anayegundua? Kama hakuna, mlicho nacho ni ubao wa matangazo wenye emoji.

Mwaka 2000 Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza kwamba kujifunza kwa mtandao kunahitaji uwepo wa aina tatu: wa kijamii (naonekana kuwa mtu, si namba), wa kiakili (tunafikiri pamoja mpaka jambo lieleweke) na wa kufundisha (kuna anayepanga na kuongoza). Makundi yetu yamejaa uwepo wa kwanza: salamu, pongezi, picha za maua. Wa tatu nao upo, kwa njia ya matangazo ya ada na ratiba. Unaokosekana ni ule wa kati, na ndio uliowaleta watu hapo.

2. Kujiona mmoja wa wenzako kuna uhusiano gani na kufaulu? Si kila mtu anafanya mtihani wake?

Mtihani ni wa mtu mmoja mmoja, lakini safari ya kuufikia si hivyo. Tangu mwaka 1975 Vincent Tinto, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba mwanafunzi haachi chuo kwa sababu ya alama peke yake. Huondoka pia kwa kutoungana na maisha ya pale. Wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary, mwaka 1995, walikwenda mbali zaidi, wakasema kuwa na watu wako ni hitaji la msingi la binadamu.

Kwa anayesoma chuoni, bweni na foleni ya kantini hufanya kazi hiyo bila kupangwa na mtu. Kwa masafa hakuna. Mtu anakwama kwenye zoezi Jumanne saa nne usiku, watoto wamelala, wa kumuuliza hayupo. Anafunga daftari. Jumanne inayofuata zoezi la pili limejengwa juu ya la kwanza, kwa hiyo sasa amekwama mara mbili, na ana aibu juu yake. Wiki ya tatu hafungui kabisa. Hakuna siku aliyoamua kuacha masomo. Angepata mtu wa kumwambia “hata mimi hapo pamenishinda, hebu tuone” ile Jumanne ya kwanza, yaliyofuata yasingetokea.

3. Anayeandika sana ndiye anayeshiriki sana?

Si lazima. Watafiti wa elimu Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, mwaka 2004, walitenganisha kushiriki kwa matendo, kwa hisia na kwa fikra. Kundini unaona matendo tu. Mwenye ujumbe arobaini kwa siku huenda hajafungua moduli, na aliyeandika mara moja kwa mwezi huenda ndiye aliyesoma kila kitu. Jinsi ya kupima vizuri zaidi iko swali la 20.

4. Wanaosoma kimya bila kuchangia, tuwaondoe?

Msiwaondoe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia kidogo, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa. Kundi lenu si la ajabu.

La kujua ni tofauti ya msomaji kimya na aliyepotea. Katika kundi dogo, bonyeza na ushikilie ujumbe ulioutuma mwenyewe, fungua taarifa zake, utaona nani ameusoma na nani umemfikia tu. Alama za bluu kwenye makundi hazizimiki hata kwa mtu aliyezizima kwenye mazungumzo ya wawili. Anayesoma kila siku, mwacheni asome. Ambaye ujumbe wa wiki nzima haujasomwa, huyo anahitaji simu (swali la 14).

## Kuanzisha

5. Kundi liwe na watu wangapi?

WhatsApp inaruhusu hadi 1,024. Hicho ni kikomo cha programu, kisifanywe ushauri.

Mfaransa Maximilien Ringelmann, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1913, aliwavutisha watu kamba akaona kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, nguvu ya kila mmoja inapungua. Swali likiulizwa mbele ya watu 200, kila mmoja anadhani wengine 199 watajibu. Mbele ya watu sita, kukaa kimya kunaonekana.

Kwa hiyo kuweni na ngazi mbili: ukumbi mmoja wa darasa zima kwa matangazo na maswali ya wote, na chini yake vikosi vya watu 5 hadi 7. Watatu ni wachache mno, kwani mmoja akiuguliwa na mwingine akisafiri kikosi kimekufa. Wakizidi wanane, wawili watatu wanageuka watazamaji.

Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni kugawa vikosi kwa mikoa au kwa alfabeti. Gawa kwa saa ya kusoma. Muuguzi wa zamu ya usiku Mbeya na mlinzi wa Mombasa wanaoamka kusoma saa kumi alfajiri watafaana kuliko majirani wawili wasiowahi kuwa macho kwa wakati mmoja.

6. Wiki ya kwanza tufanye nini hasa?

Fungueni kundi siku kumi hadi kumi na nne kabla ya masomo. Likifunguliwa pamoja na moduli ya kwanza, watu wanaingia tayari wana haraka. Kisha:

Siku ya kwanza, kiongozi aweke ujumbe mmoja wa kanuni, usiozidi mistari minane, na aubandike juu ya kundi. Kanuni za kurasa mbili hakuna anayezisoma, na hakuna anayeweza kumkumbusha mwenzake kifungu cha kumi na saba.

Siku ya pili hadi ya nne, kila mtu ajitambulishe kwa sauti ya sekunde 40 yenye mambo matatu: anaitwa nani na angependa aitweje, husoma saa ngapi na wapi (sebuleni, ofisini, kwenye daladala), na ni somo gani linamtia hofu. Hilo la tatu ndilo lenye kazi. Mtu mzima akisikia watu kumi na mmoja wakikiri kuogopa takwimu, na yeye hafichi tena. Kiongozi aanze mwenyewe, tena aanze na hofu ya kweli. Akijisifu, wote watakaofuata watasoma wasifu wao wa kazi.

Siku ya tano, gaweni vikosi. Siku ya sita na ya saba, kila kikosi kifanye kazi moja ndogo yenye mwisho: kutafuta tarehe zote za muhula na kuziweka katika ujumbe mmoja. Ni kazi rahisi makusudi. Mnajifunza kufanya kitu pamoja kabla ya kitu chenyewe kuwa kigumu.

7. Kikosi kinahitaji viongozi?

Kinahitaji kazi zilizogawanywa, tena zizunguke kila baada ya wiki mbili. Tunapendekeza nne. *Mwita* anakumbusha kipindi siku moja kabla na saa moja kabla. *Mwandishi* anaandika yaliyokubaliwa kwa mistari mitano. *Mtunza faili* anazipa nyaraka majina yanayoeleweka: “TAKWIMU_Moduli2_Majibu.pdf” inapatikana mwezi wa mtihani, ile ya “IMG-0047” haipatikani. *Mfuatiliaji* anaangalia nani kimya.

Mkiamua kuacha nafasi moja kwa uvivu, isiwe ya mfuatiliaji. Mwenye kazi hurudi kesho kwa sababu anangojwa, na kungojwa kunamfunga mtu kundini kuliko ujumbe wowote wa kutiana moyo.

8. Mkufunzi awemo kundini?

Kwenye ukumbi wa darasa, ndiyo. Kwenye vikosi, hapana. Mbele ya mkufunzi watu hawaulizi maswali ya “kijinga”, na hayo ndiyo yanayohitaji kuulizwa. Mkufunzi atangaze saa zake za kujibu, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, saa 1 hadi saa 2 usiku. Asipotangaza, ataulizwa saa sita usiku, na asipojibu ataonekana ana dharau.

9. WhatsApp, Telegram au mfumo wa chuo?

Vyote vina mahali pake. Mfumo wa chuo, mara nyingi Moodle (programu huria iliyotoka Australia mwaka 2002), ni wa kazi zinazosahihishwa na mijadala inayohesabiwa, kwa sababu kumbukumbu hubaki. WhatsApp ni ya kila siku kwa kuwa kila mtu anayo na bando lake ni la bei nafuu. Telegram inafaa kuhifadhi mafaili makubwa, na inamwezesha mtu kuficha namba yake ya simu, jambo lenye uzito kwa wanawake (swali la 16).

Msiwe na zaidi ya njia mbili. Tangazo likiwekwa mahali patatu, litasahaulika kubadilishwa mahali pamoja, na kuna atakayekosa mtihani kwa kuangalia pale palipopitwa na wakati.

## Ushiriki wa kila siku

10. Nikiuliza “Kuna swali?” kundi zima kimya. Kwa nini?

Kwa sababu umeuliza swali lisilo na mlango. Kulijibu kunamtaka mtu kwanza ajue asichokijua, kisha akikiri mbele ya watu. Uliza kitu chenye jibu fupi ambalo kila aliyejaribu analo: “Taja namba ya hatua uliyokwama kwenye zoezi la 3. Namba tu.” Ukipata “4, 4, 2, 4, 6, 4”, umepata somo la leo, na wale wanne wa hatua ya 4 wamegundua hawako peke yao bila mtu yeyote kujieleza.

Katika kipindi cha sauti, ngoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja, na wakisubiri tatu tu majibu yanakuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi wanajitokeza. Mtandaoni ongeza ucheleweshaji wa laini na muda wa mtu kutafuta kitufe cha kipaza sauti. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano. Utaona ni muda mrefu kama mwaka. Ngoja hivyo hivyo.

Kura ya WhatsApp nayo husaidia wale wasiopenda kuandika, ila kumbuka kwamba wenzao wanaona nani kachagua nini.

11. Salamu zinazika maswali. Tufanyeje bila kuwa wakavu?

Salamu ni uungwana, na kundi la watu wazima lenye shikamoo zake halipaswi kuonewa haya. Tatizo linakuja pale “Habari za asubuhi wapendwa” 60 zinapoingia kati ya swali na jibu lake. Kanuni inayofanya kazi: salamu na shida katika ujumbe mmoja. “Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo? Naomba msaada ukurasa wa 14, jedwali la pili: hiyo 0.05 imetoka wapi?” Anayejibu atumie kitufe cha kujibu ujumbe husika ili uzi usikatike. Atakayetaka kuitikia salamu tu, aweke alama ya mkono juu ya ujumbe.

Na asiyesalimu asisutwe hadharani. Huenda ana MB tano zilizobaki.

12. Orodha ya majina tunayonakili na kubandika inapoteza watu. Tatizo ni nini?

Watu wawili wamenakili orodha yenye majina 18 kwa wakati mmoja. Wa kwanza anarudisha yenye 19, wa pili naye anarudisha yenye 19, lakini hiyo ya pili haina jina la wa kwanza. Anayefuata ananakili ya mwisho, na mtu kafutika bila mkosaji. Kwa aliyejiona mgeni tangu mwanzo, jina kutoweka ni ujumbe tosha. Tumieni kura kwa mambo ya ndiyo na hapana, na karatasi ya pamoja ya mtandaoni kwa orodha ndefu.

13. Kipindi cha mubashara kipangweje kuhusu bando na saa?

*Bando.* Mkutano wa Zoom wenye picha unaweza kula karibu GB 1 kwa saa. Wa sauti peke yake hula makumi machache ya MB. Anzeni na picha dakika tatu watu waonane sura, kisha zimeni wote, akiwemo msemaji. Akaunti ya bure ya Zoom hukata dakika ya 40, ya Google Meet dakika ya 60 mkiwa watatu au zaidi. Dakika 40 ni kikomo kizuri tu, mtu amechoka kutwa nzima. Anayeshindwa kuingia apate muhtasari wa sauti wa dakika nne. Kurekodi saa nzima na kuituma ni kumpa faili ambalo hatalipakua.

*Saa.* Hapa watu hupotezana kweli. Tanzania, Kenya na Uganda saa ni moja. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma, Oman saa moja mbele. Kipindi cha saa 2 usiku Dodoma ni saa 1 usiku Bujumbura na saa 3 usiku Muscat. Kwa aliyeko London ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 wakati wa kiangazi, kwa kuwa wao husogeza saa mwezi Machi na Oktoba. Mtego mwingine ni “8:00”, ambayo mmoja anaisoma saa mbili na mwenzake saa nane. Andikeni hivi: *saa 2 usiku, yaani 20:00, saa za Afrika Mashariki*. Mwezi wa Ramadhani sogezeni kipindi baada ya tarawehe au kiwe asubuhi. Kukiweka saa ya futari ni kuwaambia baadhi ya wenzenu kwamba hamkuwakumbuka.

## Watu na mahusiano

14. Mwenzetu amepotea wiki mbili. Tumfuateje bila kumwaibisha?

Asitajwe kundini. “Jamani fulani yuko wapi?” inaonekana huruma, lakini akirudi atakuta hadhira. Mfuatiliaji apige simu, na asipopokelewa atume ujumbe wa faragha usio na lawama wala swali la “kwa nini”. Kwa mfano:

“Dada, habari za siku nyingi? Tumekukosa tangu kipindi cha Jumanne. Nimekuwekea muhtasari wa moduli ya 2, ni ukurasa mmoja. Ukipata nafasi tuanzie swali la kwanza tu, mimi nipo kesho baada ya saa 2 usiku.”

Ujumbe huo umesema mambo matatu: nafasi yako ipo, deni lako ni dogo kuliko unavyodhani, na kuna mtu na saa. Sehemu ya kati ndiyo inayorudisha watu. Aliyepotea wiki mbili anauona mlima wa wiki mbili, kwa hiyo mpe jiwe moja. Jaribu mara tatu ndani ya siku kumi, kisha mjulisheni mshauri wa wanafunzi chuoni, maana sababu inaweza kuwa ada, ugonjwa au ndoa, na hayo yamewazidi ninyi.

15. Michango ya misiba na harusi iruhusiwe?

Kuikataza kabisa katika kundi la Waswahili ni kujidanganya, na kumzika mzazi wa mwenzako kwa pamoja kunajenga undugu ambao moduli haijengi. Lakini michango hiyo hiyo imefukuza watu wengi kimyakimya. Wekeni kundi lake pembeni, mtu aingie kwa hiari. Kubalianeni kiwango cha chini ambacho asiye na ajira anaweza kukitoa, na matukio gani yanahusika: mzazi, mwenza, mtoto, mwanachama mwenyewe. Mweka hazina atume jumla peke yake. Orodha ya majina na kiasi kando yake, yenye alama ya vema kwa waliotoa, ni orodha ya wasionacho iliyogeuzwa upande. Mtu akishaiona hiyo, hata swali la hesabu haulizi tena hapo.

16. Wanawake wanasumbuliwa faragha na watu waliochukua namba zao kundini. Kanuni ni ipi?

Hakuna kumwandikia mtu faragha kabla ya kumwomba ruhusa kundini, isipokuwa mfuatiliaji anayemtafuta aliyepotea (swali la 14). Awepo angalau admini mmoja mwanamke, jina lake liwe kwenye ujumbe uliobandikwa, na malalamiko yapelekwe kwake bila kupitia kundi. Onyo ni moja, mara ya pili ni kutolewa. Msisuluhishe hadharani, na msimwambie mlalamikaji “mzoee tu, ndivyo alivyo”. Ukumbi mkubwa ukifunguliwa kama jamii ya WhatsApp (Community, yaani makundi kadhaa yaliyounganishwa), kwenye sehemu ya matangazo wanachama wa kawaida hawaoni namba za wenzao.

17. Mpaka wa kusaidiana na kunakiliana uko wapi?

Kueleza njia, ruhusa. Kutuma kazi iliyokamilika kabla ya tarehe ya kukusanya, marufuku, hata kwa “nataka kuona mfano tu”. Mitihani ya miaka iliyopita inafaa sana, ifanyiwe kazi kwa zamu: kila kikosi swali moja, kisha kikosi kieleze jibu lake kwa sauti. Anayedai ana mtihani wa kesho na anauuza atolewe siku hiyo hiyo. Mara nyingi hana kitu, na akiwa nacho ni hatari kwenu wote.

18. Tujadili kwa Kiswahili au kwa lugha ya mtihani?

Elezaneni kwa Kiswahili, msamiati wa somo ubaki katika lugha ya mtihani, na mwisho mtu mmoja aandike jibu zima kwa lugha hiyo. Mkiruka hatua ya mwisho, mtaelewa vizuri na kufeli kuandika. Mkiruka ya kwanza, wenye Kiingereza cha kujiamini, au Kifaransa kwa wenzetu wa Kongo, watazungumza peke yao. Lahaja ya mtu isichekwe. Aliyechekwa mara moja anageuka msomaji kimya.

19. Tuna wenzetu wasioona na wasiosikia. Tubadilishe nini?

Picha ya daftari haisomwi na programu ya kusoma skrini, kwa hiyo chapeni maandishi, au mtunza faili aandike chini yake kilichomo. Sauti haimfai asiyesikia. Kila sauti inayozidi dakika moja ifuatwe na mistari miwili ya maandishi. Ikiwa kanuni hiyo inaonekana kazi kubwa, sauti zenu ni ndefu mno.

## Hali ngumu

20. Tutajuaje kama kundi linafanya kazi?

Msihesabu ujumbe. Tuseme ukumbi una watu 120 na ujumbe 400 kwa wiki, na 310 kati yake ni wa watu sita. Mna wazungumzaji sita. Hesabuni vitu vitatu kila wiki mbili: wangapi wameandika au kutuma sauti angalau mara moja kuhusu somo, maswali mangapi yamejibiwa na mwanafunzi mwenzao ndani ya saa 24, na wangapi kati ya waliopotea wamerudi. La pili ndilo tunaloliamini zaidi. Maswali yote yakijibiwa na mkufunzi, mna darasa zuri, jumuiya bado.

Kwa kupima hisia kuna dodoso la mtafiti wa elimu Alfred Rovai la mwaka 2002, lenye vipengele 20, nusu kuhusu kuungana na wenzako na nusu kuhusu kujifunza, alama 0 hadi 80. Likiwa refu, ulizeni bila majina sentensi moja katikati ya muhula: “Nikikwama leo usiku, namjua mtu wa darasa hili nitakayemwuliza.” Ndiyo au hapana.

21. Tukutane ana kwa ana?

Mkiweza, mara moja, na iwe mapema. Sherehe ya mwisho wa muhula inawakuta waliobaki. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza na makambi ya kiangazi tangu wanafunzi wake wa kwanza wa mwaka 1971. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa, na siku ya kwenda kituoni kwa mtihani au mafunzo ni siku ya kikosi kula chakula pamoja. Walio mbali wapigiwe simu ya picha wakati huo huo, wasisubiri kuona picha kesho.

22. Mwenzetu hana simu janja, au imeharibika katikati ya muhula.

Mpeni mshirika mmoja wa ujumbe wa kawaida, na mmoja tu, maana likiwa jukumu la wote halifanywi. Kila jioni ya siku ya masomo mshirika atume mistari mitatu: kilichojadiliwa, kazi iliyotolewa, tarehe. Mara moja kwa wiki wapigiane. Akirudi hewani asipokelewe na “umepotea sana!”, apewe kazi ya kikosi wiki hiyo hiyo.

23. Admini amepoteza simu, au akaunti yake inaomba watu pesa.

Kuweni na admini watatu tangu siku ya kwanza. Aliyekuwa peke yake akitoka, WhatsApp humteua mwanachama yeyote, na anaweza kuwa yule asiyefungua kundi tangu Machi. Akaunti ikianza kuomba pesa, admini mwingine aitoe papo hapo, awajulishe wote, kisha ampigie mwenyewe kwa simu ya kawaida. Chanzo karibu kila mara ni tarakimu sita za uthibitisho alizoombwa na mtu aliyejifanya mwenzake. Tarakimu hizo hazipewi mtu yeyote. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti.

24. Aliyerudia mwaka abaki kundi la zamani au ahamie jipya?

Yote mawili. Kumtoa la zamani ni kumpa adhabu ya pili juu ya matokeo, na huko ndiko waliko watu wanaomjua. Kwenye jipya, admini amwombe ruhusa kwanza jinsi ya kumtambulisha, kisha aseme alichonacho: “Huyu ameshaipita moduli ya 1 na ya 3, tutamwuliza huko.” Msimwingize kikosi chenye warudiaji watupu. Awekwe penye wageni, na ndani ya wiki ya kwanza aombwe kueleza mada moja anayoiweza. Baadhi watakataa mara ya kwanza. Muombe tena baada ya siku nne, kwa simu, na mada iwe ndogo zaidi.